Mwenda Jean-Bosco: angeimba leo, tungemusikiliza?

Siku hizi mu cité za wafanyakazi kila nyumba iko na muzika yake. Kijana anatoka kazi ya usiku, anaweka ndombolo ao amapiano ya Afrika ya Kusini kwenye telefone. Papa yake, ambaye ni pensionné, anamuambia aweke ile gitare ya zamani, gitare ya Mwenda. Mabishano yanaanza papo hapo. Papa anasema muzika ya leo ni kelele tupu. Kijana anajibu kwamba Mwenda angetoka leo, hata watu mia hawangemusikiliza. Tumesikia mabishano hayo mara nyingi. Leo tunataka kuyapima. Lakini kwanza tukumbuke maisha ya mutu mwenyewe, maana wengi wetu tunajua paka jina.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, mugini mukubwa wa Bayeke, ule wa mufalme Msiri. Bayeke walitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakafuata biashara ya shaba na pembe za tembo mupaka huku kwetu. Kwa hiyo hata kabla ya Wazungu, shaba njo ilileta watu Katanga. Na shaba hiyo njo ilimuleta Mwenda Jadotville, ile tunaita leo Likasi. Mu miaka ile ya nyuma ya vita, Jadotville na Elisabethville zilijaa vijana kutoka kila upande: Waluba, Walunda, Wabemba, Bayeke, watu wa Kasaï. Kila mumoja alikuja na lugha ya kwao, lakini kazini na kambini walisikilizana kwa Kiswahili. Jioni, kama mutu amepata mushahara, alinunua gitare. Mwenda alikuwa mumoja wao. Alikuwa anafanya kazi ya kuandika mu biro, na gitare alipiga nyuma ya kazi.

Mwaka wa 1952 Muzungu mumoja, Hugh Tracey, alipita Jadotville na mashini ya kushika sauti. Alikuwa anatembea inchi nyingi za Afrika kukusanya muzika. Akamusikia Mwenda, akamushika. Wimbo uliotoka hapo unaitwa Masanga. Mwaka ule ule ulipata zawadi ya Osborn, iliyotolewa na chama cha muzika ya Afrika. Kampuni ya Gallotone ya Johannesburg ikatia nyimbo zake kwenye sahani nyeusi, zile nzito za kuvunjika upesi, na sahani zikatembea: Rhodesia, Nyasaland, Tanganyika, Kenya.

Nini ilishangaza watu? Vidole. Mwenda alipiga gitare moja kavu, bila umeme, kwa vidole viwili tu. Kidole gumba kilipiga sauti ya chini, kidole cha pili kikapiga wimbo juu yake, na kila kidole kilienda na mwendo wake. Mutu asiyemuona alifikiri wako wawili. Mwanachuoni mumoja, David Rycroft, alikaa na sahani hizo, akaandika kila sauti ya gitare yake kwenye karatasi, na kazi hiyo ikachapwa mwanzo wa miaka ya 1960. Kijana wa biro ya Jadotville akawa somo la wakubwa.

Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alienda Nairobi. Alikaa kule muda, akawa na kipindi chake mu radio, na vijana wengi wa Kenya walijifunza gitare kwa kumufuata yeye na ndugu yake Edouard Masengo. Hawakuhitaji mukalimani: aliimba Kiswahili, tena Kiswahili chetu cha Katanga, na walimusikia. Mwaka wa 1969 alipiga Marekani, kwenye sikukuu ya muzika ya Newport. Wakati wa authenticité aliacha jina la Jean-Bosco, akajiita Mwenda wa Bayeke. Mwaka wa 1988 alishika tena nyimbo zake mu studio ya Cape Town. Mwezi wa 9, mwaka wa 1990, motokari ilimuua Zambia. Alikuwa na miaka kama 60.

Sasa turudie mabishano. Kama Masanga ingetoka wiki hii, ingefika juu ya liste?

Tuanze na yale yanayomusaidia kijana. Wimbo wa leo unataka dansi. Mu muzika ya Congo watu wanangojea seben, pale gitare zinakimbia na watu wanasimama. Mwenda hana ngoma, hana besi ya umeme, hana animateur wa kulalamika. Tena leo wimbo unatoka na video: magari, nguo, wasichana wanacheza. Na kuna libanga, ule mutindo wa kutaja majina ya wenye feza mu wimbo. Sisi watu wa mine tunajua libanga la kweli ni jiwe, na linabebwa kwa mugongo. Lakini mu muzika libanga njo linalipa studio. Mutu mwenye gitare moja, anayeimba mambo ya mapendo na ya maisha ya kila siku, tajiri gani atamulipia? Tena nafasi za juu mu inchi yetu karibu zote zinashikwa na Kilingala cha Kinshasa. Wimbo wa Kiswahili cha Likasi ungeanza nyuma ya mulango.

Lakini papa naye ana haki yake. Sahani za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kila upande, na Mwenda alijua kumaliza maneno yake ndani ya dakika hizo. Seben ya dakika 10 iliyotawala zamani za watoto wetu inapungua leo, kwa sababu telefone inataka wimbo mufupi. Spotify inahesabu wimbo kama umesikilizwa sekunde 30. Mutu akitoka mbele ya hapo, si kitu. Masanga inakushika na gitare mara moja, hata sauti ya mutu haijaingia. Na jambo lingine: leo kijana wa Ulaya ao wa Marekani anayejifunza gitare ya Afrika, mara nyingi anapitia Masanga. Wanaipiga mbele ya kamera, wanahesabu vidole vya Mwenda kimoja kimoja. Nyimbo ngapi zilizokuwa za kwanza miaka mitano iliyopita bado zinatafutwa namna hiyo?

Kwa sisi, jibu ni hili. Wimbo wenyewe, vile ulivyo, haungefika nafasi ya kwanza. Liste ya leo inapima wangapi wamesikiliza wiki hii, na nyuma ya hesabu hiyo kuna feza ya kutangaza. Haipimi kama mutoto wako ataupiga miaka 70 mbele. Mwenda alishinda mutihani huo wa pili, ambao ni wachache wanaufikia. Na kama angezaliwa mwaka wa 2000, hatufikiri angepiga vile vile. Mwaka wa 1952 gitare ilikuwa kitu kipya cha vijana, hata wazee walilalamika. Mutu wa namna yake angeshika mashini ya leo, na tungeshangaa tena.

Kuna neno moja la mwisho, na hili tunawaambia wazazi. Wengi wenu muko na kijana anayetaka kuacha masomo, ao kuacha kazi, kwa sababu ya nyimbo. Muangalie maisha ya Mwenda. Jina lake lilienda mupaka Amerika, lakini hakukula gitare peke yake. Alifanya kazi ya biro, alifanya kazi Gécamines, alisimamia orchestre za wengine, akawa na hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Wakati wake sahani ziliuzwa mbali sana, na aliyeuza hakuwa mupigaji. Leo pia, mutu anaweza kusikilizwa na maelfu na asipate ya kununua kifuko cha bunga, kwa sababu wimbo mumoja ukisikilizwa mara moja unaleta feza kidogo sana.

Basi musimukataze kijana gitare yake. Mumuambie apige, lakini aandikishe nyimbo zake kwa jina lake mbele ya kuzitoa, na asiache kazi inayomulisha. Na jioni hii, papa akiomba Masanga, kijana aiweke, asikilize vidole mupaka mwisho. Ni dakika tatu tu. Nyuma ya hapo, papa naye akae kimya, asikilize amapiano.