Kabla ya kuipeleka pua kwenye kisu, tumkumbuke Az-Zahrawi

Siku hizi si ajabu mijini mwetu kumsikia binti, tena mwenye hijabu yake, akisema kwamba anaweka akiba ili asafiri kwenda Uturuki kupunguza pua. Hana maradhi. Anapumua vizuri, ananusa vizuri na analala vizuri. Tatizo lake ni kwamba pua aliyorithi kwa bibi yake haifanani na zile anazoziona kwenye simu. Wakati huo huo yupo kijana aliyeanguka na pikipiki, ukuta wa ndani ya pua yake ukapinda, na kila usiku anahema kwa mdomo. Huyu hataki kusikia habari ya upasuaji, kwa sababu ameambiwa kwamba kugusa pua ni kubadilisha maumbile ya Allah (s.w.) na kwa hiyo ni haramu.

Ndugu Waislamu, wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Na mtu anayefaa kuwafunza ni Muislamu aliyefariki miaka elfu moja iliyopita, ambaye watoto wetu wanasoma sayansi shuleni hadi wanamaliza bila ya kulisikia jina lake.

Abul-Qasim Khalaf ibn Abbas Az-Zahrawi alizaliwa karibu na mwaka 936 huko Andalusia, nchi ambayo leo ni Hispania. Nisba yake ya Al-Ansari inaonyesha kuwa ukoo wake ulijinasibisha na Ansari wa Madina, wale waliompokea Mtume (s.a.w.). Jina la Az-Zahrawi linatokana na Madinat az-Zahra, mji wa kifalme ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936, kilometa chache magharibi ya Cordoba. Wakati ule Cordoba ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia, yenye misikiti, mahamamu na maktaba.

Habari za maisha yake binafsi ni chache. Waandishi wa tarehe wa Andalusia, kama Al-Humaydi, walimtaja kwa maneno machache tu, na mwanachuoni mkubwa Ibn Hazm alikisifu kitabu chake. Tunachokijua zaidi kinatoka katika kitabu hicho hicho, kiitwacho At-Tasrif, chenye juzuu 30. Ni matunda ya maisha yote ya kutibu watu. Juzuu ya mwisho inahusu upasuaji, nayo imegawanywa sehemu tatu: kuchoma kwa chuma cha moto, kupasua na kutoa damu, na kuunga mifupa. Ndani yake alichora picha za vyombo vya upasuaji vipatavyo 200, ili mwanafunzi ajue umbo la kila chombo na kazi yake.

Tuje sasa kwenye pua. Az-Zahrawi alieleza kwamba sehemu ya juu ya pua ni mfupa na sehemu ya chini ni gegedu, yaani ule mfupa laini. Sehemu ya juu huvunjika, ya chini hupondeka na kupinda. Pua ikivunjika, alifundisha kuingiza kidole kidogo ndani ya tundu na kuinyanyua sehemu iliyobonyea, huku vidole vingine vikiiongoza kwa nje mpaka irudi katika umbo lake. Kidole kisipofika, hutumika chombo chembamba. Kazi hiyo ifanywe siku ile ile, na ikishindikana ingojewe siku saba hadi kumi, uvimbe upungue. Kisha alielekeza kuweka bomba la unyoya wa bata bukini lililozungushiwa kitambaa laini, ili mfupa ushikiliwe na mgonjwa aendelee kupumua.

Msomaji atazame vizuri hapo. Tabibu wa karne ya 10 anarudisha umbo la pua na wakati huo huo anailinda njia ya hewa. Madaktari bingwa wa pua, masikio na koo wa leo hufuata mwendo unaofanana na huo. Pua iliyovunjika hurudishwa mapema kabla haijavimba, au baada ya siku chache uvimbe ukishatulia, na kwa kawaida ndani ya wiki mbili, kwani mifupa ikishaunga kombo kazi inakuwa kubwa zaidi.

Kuhusu vinyama vinavyoota ndani ya pua, alifundisha kuvivuta kwa kulabu na kuvikata. Lakini akatoa onyo. Uvimbe ukiwa mgumu, wenye rangi ya giza na usio na hisia, tabibu asiuguse kwa chuma, kwa sababu hiyo ni saratani, na kisu cha zama zile kingeongeza madhara tu. Aliandika pia namna ya kushona pua, mdomo na sikio vilivyopasuliwa na jeraha.

Wala hakuwa mtu wa kuudharau uzuri. Juzuu ya 19 ya kitabu chake inahusu manukato na mapambo. Aliwapasua wanaume waliootwa na matiti makubwa, akaondoa vidole vya ziada, na meno yaliyolegea akayafunga kwa uzi wa dhahabu. Alichagua dhahabu kwa sababu fedha hubadilika rangi mdomoni baada ya siku chache, na dhahabu haibadiliki.

Hapo Muislamu anayezijua hadithi atamkumbuka Sahaba Arfaja ibn As'ad (r.a.). Alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za jahiliya, akajiwekea pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya. Kama walivyopokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza aweke pua ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hakumwambia avumilie aibu na harufu. Kwa hiyo yule kijana wa pikipiki na ajue kwamba kurudisha kilichoharibika kuna asili katika Sunna.

Upande wa pili wa mizani ni ile hadithi inayowalaani wanawake wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo, wakibadilisha maumbile ya Allah (s.w.). Kwa kuzitazama dalili hizi zote, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilipitisha kwamba upasuaji unajuzu kwa kurudisha umbo la asili au kazi ya kiungo, kurekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo au iliyotokana na ajali na maradhi, na kuondoa ubaya wa umbo unaomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Lakini upasuaji wa kumtoa mtu katika umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine haujuzu, na kubadilisha umbo la pua kumetajwa humo waziwazi.

Sasa tumrudie Az-Zahrawi, kwa sababu somo lake kubwa lipo kwenye utangulizi wa juzuu ile ya upasuaji. Anasimulia kwamba alimuona tabibu mjinga akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke. Akakata mishipa ya damu, na yule mama akavuja damu hadi akafa mbele yake. Anamtaja na mwingine aliyemtoa mzee jiwe kubwa la kibofu pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, mzee akafariki siku chache baadaye. Az-Zahrawi alikuwa ameitwa kabla kumtibu mzee huyo, na alishaona kwamba upasuaji ungemuua. Ndipo akawausia wanafunzi wake wajifunze kwanza jinsi mwili ulivyoumbwa, na wasikubali kazi ya hatari kwa ajili ya tamaa ya mali.

Hebu tujiulize, ni wangapi leo wanaotangaza upasuaji wa pua wangeweza kumwambia mteja mwenye fedha mkononi kwamba hahitaji kisu? Matangazo hayaelezi kuwa pua iliyofanywa nyembamba kwa urembo inaweza kubana njia ya hewa, na mtu aliyekuwa akipumua vizuri akaanza kuhangaika. Hayasemi kuwa kuna kuvuja damu, kuoza kwa kidonda, tundu kutokea kwenye ukuta wa kati ya pua, na hatari za dawa ya usingizi. Hayasemi kuwa uvimbe huweza kuchukua mwaka mzima kwisha kabisa, na kuwa upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Aliyepasuliwa ughaibuni hurudi nyumbani, na akipata matatizo aliyempasua yuko mbali.

Basi mwenye pua iliyoziba daima, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, au anayetokwa damu mara kwa mara, amuone daktari bingwa. Si kila kuziba kunahitaji kisu, kwani mara nyingi ni mzio unaotulia kwa dawa. Aliyepigwa pua kisha ikaziba na maumivu yakazidi, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu damu iliyojikusanya kwenye ukuta wa pua inaweza kuua gegedu na pua ikabonyea. Na mzazi ambaye binti yake anaichukia pua yake, akae naye azungumze naye kwa upole kabla ya kukimbilia fatwa au hospitali. Pengine kuna mtu anayemcheka, na huyo ndiye wa kukanywa.

Madinat az-Zahra iliporwa na kuharibiwa katika fitna ya mwaka 1010. Inasemekana Az-Zahrawi alifariki karibu na mwaka 1013, mji wa jina lake ukiwa tayari magofu. Lakini juzuu yake ya upasuaji ilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona mjini Toledo katika karne ya 12, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa mamia ya miaka.

Kasri za marumaru ziliporomoka katika uhai wa mtu mmoja, na elimu yenye kunufaisha imebaki hadi leo. Dada yangu unayeweka akiba ya kubadilisha sura, lipime hilo. Allah (s.w.) atupe siha, na atujaalie kuridhika na alichotuumbia.

Wallahu a'lam.