Mchungaji aliyetunga kiapo kisichomtaja Mungu

FRANCIS Bellamy, mchungaji wa Kibaptisti anayetambuliwa kuwa mtunzi wa kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani, alizaliwa Mei 18, 1855, jimboni New York.

Mwaka 1891 aliacha uchungaji mjini Boston, mahubiri yake ya kijamaa yakiwa yamewaudhi baadhi ya waumini. Mwaka uliofuata, jarida la The Youth's Companion alikokuwa ameajiriwa lilichapisha kiapo hicho ili wanafunzi wakikariri. Ingawa alikuwa mhubiri, hakumtaja Mungu humo.

Alifariki dunia Agosti 28, 1931. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu iliamua kuwa mwanafunzi asilazimishwe kukikariri. Juni 14, 1954, Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria iliyoingiza jina la Mungu, nyongeza ambayo mtunzi hakuulizwa.