Fukuzawa Yukichi, Mwalimu wa Japani

Zamani, kwa muda wa miaka zaidi ya 200, watu wa Ulaya walikatazwa kuingia Japani, ila Waholanzi wachache waliokaa katika kisiwa kidogo bandarini Nagasaki. Mfalme Mkuu alikuwako katika mji wa Kyoto, lakini hakutawala. Mwenye nguvu alikuwa Shogun, yaani jemadari mkuu, aliyekaa Edo. Chini yake walikuwako mabwana wa majimbo, na kila bwana alikuwa na samurai wake, ndio askari waliochukua panga mbili viunoni. Mwana wa samurai mdogo alikuwa samurai mdogo mpaka kufa kwake, ajapokuwa amewapita wote kwa akili.

Yukichi alizaliwa Osaka mwaka wa 1835, mwana wa samurai mdogo wa jimbo la Nakatsu. Baba yake alipenda sana vitabu vya Kichina, lakini kazi aliyopewa ilikuwa kuonana na matajiri na kutafuta mikopo kwa ajili ya bwana wake. Akafa Yukichi angali mtoto mchanga, na mama akarudi Nakatsu na watoto wake watano. Huko Yukichi aliona jinsi watoto wa samurai wakubwa walivyowadharau watoto wa wadogo, hata katika michezo. Jambo hili lilimchoma moyo, wala hakulisahau.

Tena alikuwa mtoto wa kutaka kujua. Siku moja alifungua kijumba cha mungu aliyeabudiwa hapo, akaona ndani mna jiwe tu. Akalitupa, akaweka jiwe jingine aliloliokota. Siku ya sikukuu watu wakaja na ngoma na sadaka, wakaliabudu jiwe lile, naye akacheka moyoni.

Mwaka wa 1853 merikebu za kivita za Marekani zilifika karibu na Edo, zikataka nchi ifunguliwe. Wajapani wakaona kwamba mizinga yao si kitu mbele ya mizinga ya wageni. Basi mwaka uliofuata Yukichi akaenda Nagasaki kujifunza Kiholanzi, maana elimu ya mizinga ilikuwa katika vitabu vya Kiholanzi. Kisha akaingia shule ya tabibu Ogata Koan katika mji wa Osaka. Mwaka wa 1856 kaka yake akafa, akaacha deni kubwa. Jamaa wakasema kwamba sasa imempasa Yukichi kukaa nyumbani. Lakini mama yake akampa ruhusa aende. Wakauza vitu vya nyumbani, hata vitabu vya baba, wakalipa deni, naye akarudi shuleni. Katika shule ile kamusi ilikuwa moja tu kwa wote, na usiku wa kuamkia mtihani wanafunzi waliizunguka wakingoja zamu.

Akawa hodari, na mwaka wa 1858 bwana wake akamwita Edo afundishe Kiholanzi. Mwaka wa 1859 alikwenda kwa miguu mpaka Yokohama, bandari iliyokuwa imefunguliwa kwa wageni karibuni. Akasema nao Kiholanzi, wasimwelewe. Akatazama maandishi juu ya maduka, asiweze kusoma hata moja. Lugha ya pale ilikuwa Kiingereza. Fikirini, wasomaji wangu: miaka mitano ya kukesha, na sasa elimu ile yote kama maji yaliyomwagika! Alirudi Edo amevunjika moyo kabisa. Lakini siku ya pili yake akaazimu kuanza upya, akatafuta kamusi ya Kiingereza.

Mwaka wa 1860 alivuka bahari mpaka San Francisco katika merikebu ya Kijapani, akiwa mtumishi wa mkubwa wa safari, na mwaka wa 1862 akafuatana na wajumbe wa Shogun mpaka Ulaya. Habari za mitambo hakuziuliza sana, kwani ziliweza kusomwa vitabuni. Aliuliza yale ambayo wenyeji waliyaona madogo: hospitali hupata wapi fedha zake, barua husafirishwaje, na imekuwaje katika baraza la Uingereza watu wa vyama viwili wabishane vikali, kisha waonekane wakila meza moja. Hayo aliyaandika katika kitabu, na sehemu ya kwanza ilipotoka mwaka wa 1866 ilinunuliwa na watu wengi mno.

Ndipo ukaja mwaka wa 1868, mwaka ulioipindua Japani. Mwezi wa Januari majeshi ya majimbo ya kusini yalitangaza kwamba Mfalme Mkuu, kijana wa miaka 15, ameshika utawala wa nchi. Wakampiga Shogun, wakaja Edo. Mji ukatolewa bila vita, lakini baadhi ya watu wa Shogun wakakataa, wakakusanyika penye mlima wa Ueno. Watu wakafungasha vitu vyao na kukimbia. Yukichi yeye alikuwa anajenga! Alikuwa amenunua kiwanja mahali paitwapo Shinsenza, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejenga, mafundi walifurahi kupata kazi hata kwa ujira mdogo. Shule ikaitwa Keio, jina la miaka ile katika hesabu ya Wajapani. Katika fujo za mwaka ule hesabu ya wanafunzi iliwahi kushuka hata 18.

Tarehe 4 Julai vita vikaanza Ueno. Maduka yakafungwa mji mzima. Shule ilikuwa mbali kiasi cha kilometa 8, na mizinga ikasikika. Siku hiyo Yukichi alifundisha, kama desturi, kitabu cha Kiingereza cha elimu ya mali. Mimi najua jinsi ilivyo shida kuwashika wanafunzi hata mvua inapopiga juu ya bati, sembuse mizinga! Wakati wa mapumziko wengine walipanda juu ya paa wautazame moshi, kisha wakashuka wakaendelea na somo. Yukichi akawaeleza kwamba Uholanzi ilipotekwa na Napoleon, bendera yake iliendelea kupepea katika kisiwa kile cha Nagasaki. Hivyo nayo elimu ya Japani haijakatika hata siku moja, maadamu shule yao ingali wazi.

Kabla ya mwaka kwisha Edo ukaitwa Tokyo, na miaka ikaanza kuhesabiwa upya kwa jina la Meiji. Serikali mpya ikamwita Yukichi apewe cheo, akakataa. Akaweka ada ya kila mwezi, sawa kwa wote, ambapo zamani mwalimu alipewa zawadi tu. Mwaka wa 1872 akaanza kutoa vitabu vidogo vyepesi, akifundisha kwamba watu huzaliwa sawa, na elimu ndiyo itengayo mmoja na mwingine. Wako waliotaka kumwua kwa kupenda mambo ya wageni, akakaa miaka mingi bila kutoka usiku.

Uzeeni gazeti lake liliandika maneno makali juu ya China na Korea, naye akashangilia vita vya 1894. Hapo mimi simsifu. Alikufa Tokyo tarehe 3 Februari 1901. Shule ilikuwa imehamia mlima wa Mita tangu 1871, ikawa na chuo kikuu tangu 1890, nayo ipo hata leo.