Mwenda Jean-Bosco, gitare moja kwa kazi ya watu watatu

Mutu akisikia disike za zamani za Mwenda Jean-Bosco kwa mara ya kwanza, anaweza kufikiri kuna wapigaji wawili ao watatu. Hapana. Ni yeye peke yake. Kidole gumba kilipiga kamba nzito, ndiyo besi yenyewe. Kidole cha pili kilichezesha kamba nyembamba za juu. Na juu ya yote, sauti yake, mara nyingi katika Kiswahili cha Katanga.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, fasi ya wafalme wa Bayeke, na alikuwa wa ukoo ule. Ndiyo maana wengi walimujua pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Kisha akaishi Jadotville, muji ambao leo tunaita Likasi, na huko akafanya kazi ya biro. Gitare ilikuwa ya saa za kisha kazi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimusikia akipiga katika barabara ya Jadotville. Akamurekodi. Wimbo Masanga ukatoka kwa disike za Gallotone za Afrika Kusini, na ukapata zawadi ya Osborn kama muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Kisha hapo akarekodi nyimbo zaidi ya 100, zake mwenyewe.

Disike zikavuka mipaka. Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alienda Nairobi kwa miezi michache, akapiga kwenye redio, hata kwa matangazo ya dawa ya Aspro. Vijana wa Kenya walitega masikio kwa redio wakitafuta namna ya kufuata vidole vyake. Ndugu yake Édouard Masengo, mwana-Katanga mwingine wa gitare, naye alijulikana sana kule.

Lakini wakati ukageuka. Gitare za umeme na orkestra kubwa za rumba za Léopoldville zilijaza baa na redio. Mutu mumoja na gitare ya mbao akaanza kuonekana wa kizamani. Bosco alikuwa na orkestra yake pia, lakini hakuacha kazi ya kila siku, na alibaki kuishi Lubumbashi. Sifa ilifika mbali. Mkate wa nyumbani ulitoka kwa biro.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani, kwa tamasha ya Newport. Mwaka 1982 alienda kupiga Ujerumani. Mwaka 1988 aliingia tena studio, safari hii huko Cape Town. Wageni nao walifika Lubumbashi kujifunza kwake, na wataalamu wa muziki kama David Rycroft waliandika nota zake moja moja juu ya karatasi, ili waelewe namna kidole gumba na kidole cha pili vilikuwa vinaachana na kukutana tena.

Mwezi wa tisa mwaka 1990, ajali ya gari huko Zambia ilimaliza maisha yake. Alikuwa na miaka 60 hivi.

Leo, wapiga gitare wa inchi nyingi bado wanajaribu Masanga. Besi ndiyo inawashinda kwanza: kidole gumba kinataka kufuata kingine, na Bosco alikiacha kiende njia yake.