Hans Wilsdorf na Saa Isiyoingia Maji

Wasomaji wa gazeti letu watanisamehe nikiwaletea muhula huu khabari za mtu ambaye hakuwa mfalme, wala jemadari, wala mvumbuzi hasa. Jina lake ni Hans Wilsdorf. Katika biashara ya saa ni mtu mashuhuri sana. Sisi wengine twalijua zaidi jina alilolitunga yeye, yaani Rolex, ambalo twaliona kila siku kwenye mikono ya watu, na mara nyingi twaliona juu ya saa ambazo hazikutoka kwake kamwe. Nimechagua maisha yake kwa sababu vijana wa vidato vya juu wameniuliza zaidi ya mara moja saa ya bandia yatofautianaje na ya kweli, ikiwa zote mbili zaonyesha saa nne kamili wakati kengele ya mapumziko inapolia. Jibu la swali hilo limo ndani ya maisha ya bwana huyu.

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1881 katika mji wa Kulmbach, nchi ya Bavaria, Ujerumani. Alipofika umri wa miaka 12 alikuwa amekwisha kufiwa na wazazi wake wote wawili. Jamaa zake waliuza biashara ya baba yake, wakampeleka yeye na ndugu zake shule ya bweni huko Coburg. Hapo alipendelea hisabati na lugha za kigeni, na lugha ndizo zilizompatia kazi. Mwaka 1900 alikuwa Uswisi, katika mji wa La Chaux-de-Fonds, karani wa barua za Kiingereza kwa mfanyabiashara aliyepeleka saa nchi za nje. Mshahara wake ulikuwa faranga 80 kwa mwezi. Zaidi ya kuandika barua, alipewa kazi ya kutia ufunguo saa za mfukoni, mamia kwa mamia kila siku, na kuangalia kama zakwenda sawa. Kazi hiyo yachosha, lakini naona ndiyo iliyomfundisha yote. Mtu aliyezisikiliza saa elfu nyingi zikipiga hadanganyiki tena na uzuri wa kifuniko.

Mwaka 1903 alikwenda London, na mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka 24, alifungua kampuni yake pamoja na Alfred Davis. Hawakutengeneza saa, walinunua mashine Uswisi, wakazitia katika vifuniko vizuri, wakawauzia wenye maduka. Siku zile mwanamume mwenye heshima alibeba saa yake mfukoni, kwa mnyororo. Saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, sawa na bangili. Mafundi wenyewe waliicheka. Walisema mashine ndogo namna ile haiwezi kushika majira, kwamba mkono watikisika mno, na kwamba vumbi na jasho vitaiharibu upesi. Katika maneno hayo hapakuwa na ujinga wowote. Yote matatu yalikuwa kweli, na Wilsdorf alitumia miaka 25 iliyofuata kuyajibu moja baada ya jingine.

Mashine alizipata kwa Aegler, katika mji wa Bienne, ambako zilitengenezwa mashine ndogo zilizo imara. Jina alilitafuta mwenyewe. Alitaka neno fupi, litamkike katika lugha yo yote, na litoshe juu ya uso wa saa. Alisimulia baadaye kwamba alichanganya herufi kwa njia mamia asiridhike, hata asubuhi moja, akiwa juu ya basi la farasi katika njia ya Cheapside, neno Rolex likamjia kichwani. Liliandikishwa mwaka 1908. Lakini wenye maduka wa Uingereza walitaka majina yao wenyewe juu ya saa, si jina la mtu mwingine. Basi yeye akaliweka jina lake juu ya saa moja tu katika kila sita, akangoja, kisha akaliweka juu ya mbili, kisha tatu. Mimi hupenda sana kisa hiki. Jina ambalo leo huibwa kuliko majina yote ya saa liliingia madukani kwa kunyemelea.

Kujibu neno la kwanza, alizipeleka saa zake mtihanini. Mwaka 1910 saa yake ndogo ya mkono ilipata cheti cha daraja la kwanza huko Bienne. Tarehe 15 Julai 1914 nyingine ilipata cheti cha daraja A cha Kew, Uingereza, cheti ambacho kabla ya hapo kilikuwa cha saa kubwa, kama zile za manahodha. Mtihani ule ulichukua siku 45. Saa ililazwa chali, ikalazwa kifudifudi, ikasimamishwa kwa pande mbalimbali, namna tano kwa jumla. Ikawekwa penye baridi, penye joto la kawaida, na penye joto kali. Na kila siku ikapimwa imeongeza au imepunguza nukta ngapi. Sababu ya taabu hiyo ni rahisi kwa mwanafunzi wa fizikia. Ndani ya saa mna kamani, ambayo hutoa nguvu, na mna gurudumu dogo liendalo mbele na nyuma, ambalo hugawa nguvu hiyo sawasawa. Gurudumu hilo lisipokuwa na uzito sawa pande zote, dunia hulivuta vingine kila saa inapogeuzwa. Na joto hubadilisha utepe mwembamba unaolirudisha. Saa yo yote yaweza kwenda vyema ikilala mezani. Uhodari wa mashine huonekana mkononi.

Wiki chache baadaye vita vikuu vilianza. Mjerumani mwenye jina la Kijerumani hakupendeza katika London ya siku zile, na mwaka 1915 kampuni ilibadilishwa jina ikaitwa Rolex. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitoza kodi kubwa juu ya saa zitokazo nje. Mambo hayo yalimsukuma kurudi Uswisi, na mwaka 1920 aliandikisha kampuni yake Geneva, ambako alikaa mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa yalibaki vumbi na maji. Mwaka 1922 alijaribu kuitia saa nzima ndani ya kifuniko cha pili kilichofungwa kwa hesi. Maji hayakuingia, lakini mwenye saa alilazimika kufungua kifuniko kila siku ili atie ufunguo. Ni kama mtu kuziba mtumbwi wake vizuri kisha akautoboa kila asubuhi achote maji ya kunawa. Mahali penye hatari hasa ni lile tundu la pembeni ambamo hupita kijiti cha kutilia ufunguo. Mafundi wawili wa La Chaux-de-Fonds, Perregaux na Perret, walikuwa wamepata haki ya kitufe kinachofungwa kwa hesi juu ya mwili wa saa. Wilsdorf alinunua haki ile, na mwaka 1926 alitoa saa ambayo mgongo wake, pete ya kioo chake, na kitufe chake vyote vilifungwa kwa hesi. Aliiita Oyster, yaani chaza, kwa kuwa chaza akijifunga hafunguki ila kwa kisu.

Watu hawakusadiki. Hapo ndipo aliposikia khabari za Mercedes Gleitze, msichana mpiga taipu wa London, ambaye tarehe 7 Oktoba 1927 aliogelea kutoka Ufaransa mpaka Uingereza kwa muda wa zaidi ya saa 15, mwanamke wa kwanza wa Kiingereza kufanya hivyo. Siku chache baadaye mwanamke mwingine, tena daktari, alidai kuogelea bahari ile ile kwa muda mfupi zaidi, kisha akakiri kwamba alidanganya, ati apate kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kudanganya. Watu wakaanza kumshuku hata Gleitze, ambaye hakudanganya neno. Basi bandia ilimharibia jina mkweli, na ikamlazimu mkweli arudi majini. Tarehe 21 Oktoba aliingia tena baharini, maji yakiwa ya baridi kali, na safari hii alivaa shingoni saa ya Oyster aliyopewa na Wilsdorf. Baada ya zaidi ya saa 10 mwili ulikufa ganzi wakamtoa kabla hajafika pwani, lakini waliomwona hawakumshuku tena. Saa nayo ilikuwa ikienda, kavu ndani. Tarehe 24 Novemba Wilsdorf alinunua ukurasa mzima wa mbele wa gazeti la Daily Mail kulitangaza jambo hilo, na madirishani mwa maduka saa zake zikawekwa ndani ya mabakuli ya samaki, samaki wakizizunguka.

Hapa nataka kurudi kwenye swali la vijana. Fundi saa mmoja wa mjini alinifungulia mbele ya macho yangu saa ya bandia iliyoandikwa nje kwamba yastahimili mita 300. Mwenyewe alikuwa ameoga nayo tu. Kitufe chake kilizunguka kama cha kweli, lakini hesi zake zilikuwa mbovu na pete ya mpira ndani ilikuwa imekatika. Mashine imeshika kutu ya rangi ya chai. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo lililo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu, na shinikizo halisomi maandishi. Kuna wasemao kwamba saa ya kweli hutambulikana kwa mshale wa nukta kwenda bila kurukaruka. Zamani ilisaidia, lakini siku hizi bandia nyingi zina mashine ya kamani ambayo mshale wake huteleza vile vile. Tofauti imo katika mambo yasiyoonekana: nani aliipima, mara ngapi, na kwa namna ngapi. Kusema haki, hata saa ya kweli mpira wake huzeeka, na asiyeipeleka kwa fundi kubadilishiwa ataikuta na mvuke kiooni.

Lilibaki tatizo moja, nalo ni binadamu. Watu walitia ufunguo wakasahau kufunga kitufe. Mwingereza John Harwood alikuwa amekwisha kupata haki ya saa ya mkono inayojitia ufunguo mwaka 1924, lakini biashara yake haikudumu. Mwaka 1931 mafundi wa Aegler, chini ya Emile Borer, walitengeneza kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka mzunguko mzima kila mkono unapotikisika, na kukaza kamani. Hivyo mtikisiko wa mkono, ambao mafundi wa kale waliuona kuwa adui wa saa, ukawa chakula chake. Miaka mingi kampuni ilitangaza kama kwamba jambo hilo lilianza kwake. Mwaka 1956 ilimtaja Harwood na kumwomba radhi. Nimeandika hayo kwa kuwa ni haki yake Harwood.

Wilsdorf alijua pia kwamba si kila mtu aweza kununua saa ya bei kubwa. Kwa watu hao alianzisha kampuni ya Tudor mwaka 1946, yenye kifuniko imara kama cha Rolex na mashine iliyonunuliwa kwa watengenezaji wengine, kwa bei nafuu. Mnunuzi aliambiwa anunua nini. Katika vita vya pili alifanya jambo la ajabu: maofisa wa Kiingereza waliofungwa katika makambi ya Ujerumani, ambao saa zao zilinyang'anywa, waliweza kumwandikia wapate nyingine, na kulipa vita vikiisha. Yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Ujerumani.

Mkewe Florence alifariki mwaka 1944, nao hawakuwa na mtoto. Mwaka uliofuata alianzisha mfuko wenye jina lake, na mfuko huo ndio mwenye kampuni mpaka leo, na hutoa fedha kwa misaada huko Geneva.

Tarehe 23 Januari 1960 chombo kiitwacho Trieste kiliwashusha Jacques Piccard na Don Walsh mpaka chini kabisa ya Bahari ya Pasifiki, mita 10,916, mahali ambapo shinikizo ni zaidi ya mara elfu moja ya hili la hewa. Nje ya chombo ilifungwa saa ya Oyster iliyotengenezwa kwa safari hiyo, kioo chake kimevimba kama nusu ya mpira. Ilirudi juu ikienda. Wilsdorf, mzee wa miaka 78, alipata khabari hiyo. Alifariki Geneva tarehe 6 Julai mwaka ule ule.