Mtumishi Aliyepofuka: Maisha ya Johannes Rebmann



Katika kila mtaa wako wagonjwa ambao wameombewa mara nyingi wala hawajapona. Tena wako watu wanaowaambia kwamba kama wangekuwa na imani ya kutosha wangekwisha kuinuka. Neno hilo humwumiza mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia habari za mtu ambaye watoto wetu husoma jina lake shuleni kwa ajili ya mlima wa Kilimanjaro, lakini taabu zake hazitajwi sana.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani, katika jamaa ya wakulima. Alisomea kazi ya Injili mjini Basel, Uswisi, kisha akatumwa Afrika na CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Hapo alimkuta Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga kwa muda wa siku chache tu. Basi Rebmann alijua tangu mwanzo gharama ya kazi aliyoijia.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wawili hao walipanda kilima cha Rabai kwenda kufungua kituo. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wanapokezana kumpanda, maana hakuna aliyeweza kutembea njia yote. Ndivyo kazi ilivyoanza, kwa wagonjwa wawili na punda mmoja.

Kutoka Rabai, Rebmann alianza safari za bara. Hakuchukua silaha, mkononi alikuwa na mwavuli wake. Mwaka 1848 alivuka nyika ya Taita, akapita Taveta, kaskazini ya Ziwa Jipe ambalo sisi wa Kwakoa twalijua vizuri. Tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akatambua kwamba ni theluji. Akafika Kilema kwa Mangi Masaki, akapokewa vema. Habari hiyo ilipochapwa Ulaya, bwana mmoja mtaalamu wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, aliikataa kabisa, wala yeye mwenyewe hakupata kufika huku. Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla wasafiri wengine hawajathibitisha. Rebmann hakuacha kazi ili ashindane naye.

Safari ya tatu, mwaka 1849, ilikuwa chungu. Alikusudia kufika Unyamwezi, naye alichukua bidhaa za kutosha njia nzima. Huko Machame, Mangi Mamkinga alimwomba hiki na hiki mpaka bidhaa zikaisha. Rebmann akarudi pwani mikono mitupu, katika mvua, akiwa mgonjwa wa homa na tumbo. Hakufika Unyamwezi tena maisha yake yote.

Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler, mjane Mwingereza, huko Misri. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Samuel, lakini alikufa akiwa mchanga. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Baadaye mashambulizi ya Wamasai yaliwafanya Rebmann na mkewe wakimbilie Unguja kwa muda, kisha wakarudi Rabai. Mwaka 1866 Emma naye akafariki, akamwacha mumewe pekee katika nyumba ile.

Tumwangalie sasa mtu huyu kwa uwazi. Mke hayupo, mtoto hayupo, rafiki amekwenda. Waliobatizwa ni wachache wa kuhesabika. Wa kwanza, kilema aitwaye Mringe, alibatizwa akiwa karibu kufa. Wako waliosema kwamba Rebmann amejizika Rabai na makaratasi yake bila faida. Hata yeye na Krapf hawakupatana juu ya njia: Krapf alitaka vituo vifuatane haraka kuvuka bara, Rebmann aliona afadhali kukaa mahali pamoja na kujifunza watu na lugha yao. Hatuna haja ya kusema nani alikuwa na haki. Tunaona tu kwamba alikaa.

Na katika kukaa huko alifanya kazi. Alikusanya maneno ya Kiswahili na ya Kinyika. Pamoja na Salimini, mtu wa nchi ya Ziwa Nyasa aliyekuwa ameuzwa utumwani, aliandika kamusi ya Kinyanja, lugha ya watu ambao Rebmann hakupata kuwafikia. Pia alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Hapo ndipo macho yakaanza kumtoka. Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipofika Rabai mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu, bado anashughulika na kamusi zake.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kuiona Ulaya, alirudi akishikwa mkono na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Waganga wa macho walijaribu, lakini hakupata kuona tena sawasawa. Alikaa Korntal, karibu na rafiki yake Krapf. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876 kwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka ule ule Injili yake ya Luka ilichapwa, na mwaka uliofuata kamusi ya Kinyanja. Mwaka 1885 CMS walifungua kituo Moshi, na mwaka 1892 wakahamia Taveta, ng'ambo ya Ziwa Jipe. Njia aliyoipita na mwavuli wake ikawa njia ya Injili.

Ndugu zetu, Rebmann aliomba kwa miaka mingi, naye alikufa macho yake hayajapona. Je, tuseme alikosa imani? Mtume Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao haukuondolewa. Twaamini kwamba Mungu huponya, nasi tusiache kuwaombea wagonjwa, wala tusiwazuie kwenda hospitali. Lakini nguvu ya imani haipimwi kwa kupona peke yake. Mara nyingine nguvu hiyo huonekana kwa mtu ambaye hajapona, naye leo amefanya sehemu ndogo ya kazi aliyopewa, na kesho ataiendea tena.

Tena tusimsahau Isaac Nyondo. Kipofu hakufika kwao kwa imani yake tu, alifika kwa mkono wa Mkristo mwenzake. Basi tukimtembelea mgonjwa juma hili, tusiende kuipima imani yake. Tumchotee maji, tumpashe habari za kanisani, tusali pamoja naye, tumshike mkono.

Bwana awatie nguvu wote walio kitandani. Amina.