Ndingi: Mwana wa Ukambani aliyesimama na wakimbizi wa Molo

Kama una miaka ishirini na kitu na unaishi Wote, Kitui mjini, au umehamia Nairobi kusaka kazi, huenda jina Ndingi umelisikia tu kanisani au kwa wazee. Ulipoanza kufuatilia siasa, yeye alikuwa amestaafu zamani. Lakini hebu tulia kidogo umjue, kwa sababu maswali yaliyomkabili ndiyo hayo hayo yatakayokukabili wewe kura zikija.

Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alizaliwa siku ya Krismasi, Desemba 25, 1931, huko Mwala, Machakos. Jina lenyewe ni Kikamba tu: mwana wa Nzeki. Alipata upadri Januari 1961, Kenya ikiwa bado koloni la Waingereza. Alifanya kazi ya elimu kanisani, kisha akaenda kusoma Marekani.

Mwaka wa 1969 Papa Paulo wa Sita alizuru Kampala, Uganda, akiwa papa wa kwanza wa nyakati zetu kukanyaga Afrika. Hapo aliwaweka wakfu maaskofu 12. Mmoja wao alikuwa Ndingi, kijana wa miaka 37. Alikabidhiwa Machakos, dayosisi mpya kabisa iliyobeba pia eneo lote la Makueni. Kitui ilikuwa na dayosisi yake tangu 1964, chini ya William Dunne, Askofu kutoka Ireland. Kwa hivyo Wakamba wakawa, kwa mara ya kwanza, na askofu Mkatoliki aliyezungumza nao kwa lugha ya mama. Dayosisi ya Wote unayoijua leo ilikatwa kutoka kwa hiyo ya Machakos mwaka wa 2023.

Sasa, wengi wangetarajia akae nyumbani ale utamu wa kuwa kiongozi wa watu wake. Haikuwa hivyo. Baada ya miaka miwili tu, 1971, alihamishiwa Nakuru. Akakaa huko miaka 25.

Fikiria hali yake. Nakuru ilikuwa na watu wa kila kabila, wengi wakiwa wamenunua mashamba baada ya wazungu kuondoka. Yeye ni Mkamba, hana shamba la ukoo hapo, hana kundi la wapiga kura wa kumtetea. Tena kuanzia 1978 Rais alikuwa Daniel arap Moi, mwenye makao yake Kabarak, pua na mdomo na mji wa Nakuru. Kwa mtu anayetaka maisha rahisi, hapo ni pa kunyamaza.

Ndingi hakunyamaza. KANU ilipoleta kura ya mlolongo, iliyotumika kwenye uchaguzi wa 1988, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini walioipinga. Wewe unapiga kura ukiwa peke yako, hakuna anayejua umemchagua nani. Kwa mlolongo, ulisimama nyuma ya mgombea wako au picha yake, chifu akikuangalia, jirani akikuangalia, kisha mnahesabiwa. Aliyepita asilimia 70 kwenye mchujo wa chama alitangazwa mbunge moja kwa moja. Na kuna mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, mchana kweupe! KANU yenyewe iliuacha mtindo huo Desemba 1990.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka uliofuata. Oktoba 1991, vijana wenye mishale walivamia shamba la Miteitei kule Nandi. Moto ukasambaa hadi Molo, Olenguruone na Burnt Forest. Hapo nchi ilikuwa ikidai vyama vingi, na wanasiasa fulani walikuwa wamesimama majukwaani kuwaambia waliotoka kwingine warudi makwao. Inakadiriwa kwamba kufikia 1993 watu kama 1,500 walikuwa wameuawa na wengine 300,000 kufurushwa.

Waliokimbia wengi walikuwa Wakikuyu, Waluhya, Waluo na Wakisii. Ndingi aliwafungulia milango ya makanisa. Wakalala humo, wakapikiwa humo, na ofisi yake ya haki na amani ikawa inaandika nani amechomewa na wapi. Kisha akasema hadharani kile ambacho wengi walikinong'ona tu: kwamba hayo hayakuwa magomvi ya majirani, kuna wakubwa serikalini waliokuwa wakiyachochea. Serikali ilikana na kumkasirikia. Lakini kamati ya bunge iliyochunguza mambo hayo mwaka wa 1992 nayo ikawataja wakubwa.

Mwaka wa 1996 aliletwa Nairobi kuwa msaidizi wa Kadinali Maurice Otunga, na 1997 akamrithi kama Askofu Mkuu. Wakati wake hapo, viongozi wa dini mbalimbali, maaskofu wa Katoliki wakiwemo, walikutana Ufungamano House wakidai wananchi washirikishwe kuandika katiba. Safari hiyo ndefu iliishia kwenye katiba ya 2010, ile iliyozipa Kitui na Makueni serikali zao za kaunti.

Usidhani basi kwamba ungekubaliana naye kila mahali. Kuhusu kondomu hakulegeza kamba hata kidogo. Otunga alikuwa amezichoma hadharani Nairobi mwaka wa 1996, na Ndingi aliendelea na msimamo huo huo, akisema jibu la Ukimwi ni uaminifu na kujizuia. Hii ni nchi ambayo ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Madaktari na wanaharakati walimpinga vikali, wakisema msimamo huo unagharimu maisha. Ukiwa na rafiki au shangazi aliyeugua, huenda nawe unawaunga mkono. Ni haki yako. Ila huwezi kusema alikuwa akitafuta kupendwa na vijana, wala na wafadhili.

Alistaafu 2007 na kufariki Machi 31, 2020, akiwa na miaka 88. Korona ilikuwa imeingia nchini wiki chache tu kabla, kwa hivyo mtu ambaye angejaza uwanja alizikwa na watu wachache katika Kanisa la Holy Family, Nairobi.

Sasa rudi kwako. Msimu wa siasa ukifika, utaletewa video na jumbe za WhatsApp zikikuambia ni nani mgeni, ni nani apewe kura kwa sababu ni wetu. Wengine watakulipa nauli na mia tano ukapige kelele. Ndingi alikuwa Mkamba kamili, na hakulificha hilo. Lakini watu waliokuja mlangoni kwake Nakuru usiku wakiwa na watoto na godoro hakuwauliza jina la pili kabla ya kufungua. Kabla hujasambaza ujumbe huo kwa kundi la darasa lenu la zamani, jiulize wewe ungefungua mlango au ungeuliza kwanza.